Safu ya Mengineyo

Kazi yangu ni kidole gumba.
Miaka kumi na mmoja nimekalia kigoda cha turubai
kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini, Bogota,
kihesabio cha chuma kiganjani,
ta, ta, ta,
gari dogo, basi, lori, pikipiki, baiskeli,
na safu ya mwisho, nyembamba kama ufa wa mlango:
mengineyo.

Siku za kawaida gumba huvimba kabla ya saa mbili asubuhi
na madereva hunitukana
kana kwamba foleni naipika jikoni kwangu.

Machi ikaja na tangazo lake, mji ukafungwa.
Ofisini wakasema, Yamile, wewe endelea,
takwimu hazina likizo.
Wakanipa kibali ndani ya mfuko wa plastiki,
nikakivaa shingoni kama hirizi.

Jumanne ya kwanza, saa moja hadi saa mbili:
magari tisa.
Nikadhani kihesabio kimekufa. Nikakibofya makusudi,
kikasoma kumi. Nikaona haya,
nikafuta.
Barabara imetandikwa kama kitanda cha mgeni aliyeghairi.
Taa ikawa nyekundu, ikaamuru hewa isimame,
hewa ikatii.
Na milima ya mashariki, niliyoijua kama doa la moshi,
kumbe ina miti, mmoja mmoja.

Ikatoka amri: tarehe witiri watoke wanaume,
tarehe shufwa wanawake.
Siku za witiri nilihesabu magari
na macho ya polisi.

Baiskeli zikapewa njia, koni za njano,
kazi ya usiku mmoja.
Akapita Eliécer mchomeleaji, kitambi kimemtangulia.
Akapita muuguzi juu ya baiskeli ya bintiye,
ya waridi, magoti yakikaribia kidevu,
na kila jioni alinipigia kengele, kring.
Jina lake sikuliuliza.
Katikati ya Mei kengele haikupita.
Labda alibadilishiwa zamu.
Nimeamua alibadilishiwa zamu.

Halafu wale wa miguu.
Wavenezuela waliouza peremende kwenye taa hizi hizi,
vyumba vya kupanga vimewatema,
sasa wanarudi mpakani, kilomita mia tano na ushei.
Mtoto ndani ya toroli la supamaketi.
Sanduku lenye gurudumu moja zima, jingine limeng'oka,
likikwaruza lami, krrr, krrr, hadi darajani.
Mwanamume amekumbatia feni, katika baridi hii yetu.
Nilimkodolea macho, akanijibu bila kuulizwa:
Kwetu kuna joto, mama.

Fomu haina safu ya miguu.
Fomu inaamini asiye na gurudumu hasafiri.
Nikawaweka mwishoni, kwenye ule ufa,
siku kumi na nne, watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita.

Mhandisi Rubiano akapiga simu.
Mengineyo elfu mbili! Ni nini hivyo, punda?
Ni watu, mhandisi.
Akanyamaza kidogo; nilisikia mkewe akiosha vyombo.
Basi watoe, akasema. Wanaharibu wastani.

Septemba magari yakarudi, utadhani yalikuwa yakizaliana gizani.
Walioogopa pumzi za basi walikopa, wakanunua pikipiki;
wengine wamo peke yao garini, vioo juu,
viti vinne vitupu vikiwasindikiza kazini.
Milima ikarudi kuwa doa.
Koni zimebaki, zimechujuka rangi. Eliécer bado anapita,
kitambi nacho bado kinamtangulia.

Kwenye grafu ya ofisi mwaka ule ni mstari wa nukta nukta,
wanauruka kama dimbwi.
Karatasi ninayo mimi, chini ya droo ya vijiko.
Usiku, usingizi ukikataa, gumba linabofya shuka.
Lile sanduku la gurudumu moja
hadi leo sijaamua
niliandike chombo, au mtu.